Wale si vifaranga vya kuhe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Barua yangu ni ndefu, nalijua hilo. Ukilazimika kuikata, kata popote, ila habari ya makombe uiache.

Toleo lenu la Jumamosi ya wiki iliyopita lilitoa picha ya vijana wawili wameshika beseni la bluu lenye samaki wadogo na makombe ya konokono, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi hapa Kigoma. Chini yake mkaandika kwamba beseni limejaa vifaranga vya kuhe, yaani watoto wa yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, vilivyovuliwa kinyume cha sheria. Picha yenyewe sina ugomvi nayo. Mpiga picha wenu aliwahi mwanga wa asubuhi, na nyuso za vijana zimetoka vizuri bila kuungua. Mimi ni mtu wa kazi hiyo, kwa hiyo nampongeza. Ugomvi wangu uko kwenye yale maneno ya chini. Wale si vifaranga vya kuhe, wala si vifaranga vya samaki mwingine yeyote. Wengi wao ni majike waliokwisha kukua, na sitashangaa kama baadhi yao walikuwa na mayai siku ileile mliyowapiga picha. Mmewaita watoto watu wenye wajukuu.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama lingeishia gazetini. Jumatatu yake wazee wa mwalo waliwafuata wale vijana, gazeti limekunjwa mkononi. Beseni likamwagwa mchangani, makombe yakapondwa kwa kisigino, na mama yao, ambaye anaanika dagaa na ni mteja wangu wa miaka mingi, akaitwa kujieleza mbele ya watu. Alipotoka huko akaja moja kwa moja studio kwangu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyewatuma wanawe. Nikamjibu: ndiyo, shangazi, beseni lile lilikuwa linakuja kwangu.

Basi nijieleze na mimi.

Nina studio ya picha mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Kazi yangu ya kila siku ni picha za pasipoti, za vyeti, za wanafunzi wanaojiandikisha mtihani, na harusi msimu wake ukifika. Mwaka 2009 niliweka tangi la kioo pale wanapokaa wateja wanaosubiri, kwa sababu watoto walikuwa wanalia. Mtoto akilia dakika kumi, picha yake ya pasipoti inatoka macho mekundu na serikali inaikataa. Samaki wa kwanza nilipewa na shemeji yangu, aliyekuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya kuwasafirisha nje. Alizamia miaka kumi na saba hadi sikio la kushoto likamgomea. Siku aliyoacha kazi aliniletea ndoo yenye makombe tisa. Niliona makombe matupu. Akaniambia, yaweke kwenye tangi uzime taa. Asubuhi kila kombe lilikuwa na uso mlangoni.

Nikisema kombe simaanishi lile la dunia. Nasema nyumba ya konokono. Ziwa letu lina konokono mkubwa ambaye hapatikani akiishi kwingine duniani, na wataalamu humwita Neothauma tanganyicense. Akifa, nyumba yake haiozi upesi, maana maji ya Tanganyika yana chokaa na magadi ya kutosha kuihifadhi. Makombe hukusanyika chini mwaka hadi mwaka, na mengine yamelala pale karne nyingi. Sehemu nyingine sakafu ya ziwa ni makombe matupu, eneo kubwa kama uwanja wa mpira. Kwenye mchanga usio na jiwe wala jani la kujificha, hizo ndizo nyumba zilizopo, na wamejitokeza samaki wadogo wa kuzipanga. Humo wanalala, humo wanataga, na wakimwona adui humo wanakimbilia.

Ndiyo maana, Mhariri, makombe yale kwenye picha yenu yalitosha kuwaonya. Kuhe hana habari na makombe. Kuhe mkubwa hupita sentimita 60. Hutaga mayai mahali pa wazi, kisha baba na mama wote wawili hulinda kundi la watoto, na mvuvi yeyote wa huku amewahi kuwaona. Mtoto wa kuhe akikosa ulinzi wa wazazi huliwa; hana kawaida ya kupanga nyumba ya mtu.

Nina ushahidi mwingine pia, wa kuhesabu. Shikeni perege yeyote sokoni, mtazame pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Mbele ya pezi hilo kuna miiba, na ukiipapasa kwa kidole utaisikia. Perege ana mitatu. Kuhe naye mitatu. Hawa wa kwenye makombe ni ukoo mwingine, ambao wataalamu huuita Lamprologini, na ukoo huo una miiba zaidi ya mitatu. Mtoto wa samaki hazaliwi na miiba mingi akaipunguza akikua. Samaki watatu walionusurika kwenye mchanga, ambao kijana mdogo aliwaficha katika chupa ya maji ya kunywa, nimewahesabu mwenyewe kwa lenzi ya karibu. Hakuna hata mmoja mwenye mitatu.

Sasa nisije nikaonekana najifanya mjuzi, nikiri kosa langu, maana ni kubwa kuliko la gazeti. Lenu ni la wiki moja. Langu lilidumu mwaka mzima na miezi.

Kwenye lile tangi nilikuwa na samaki wa aina mbili, au ndivyo nilivyoamini. Kulikuwa na wadogo wa kahawia, urefu wa kidole cha shahada au pungufu, wenye mabaka meusi ubavuni. Hao walikaa ndani ya makombe. Na kulikuwa na mmoja mkubwa, sentimita kumi na moja, ambaye hakuingia kombe lolote kwa sababu hata kichwa chake hakikuenea. Huyo nilimwita Jambazi. Usiku alikuwa anauma kombe kwa mdomo, analinyanyua, analiburuta hadi kona ya kushoto ya tangi. Asubuhi nakuta makombe yote yamerundikwa kona moja na wale wadogo wamo ndani. Nayapanga upya, naye usiku anayarudisha. Nilimpiga picha na kuandika nyuma yake: “Mharibifu. Anahamisha nyumba za wenzake.” Mara mbili nilitaka kumtoa. Nilikuwa nimeshamtafutia wa kumchukua, mtu wa hoteli.

Shemeji alipokuja Idi akanikuta na wavu mkononi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kombo. “Unamtoa mume wa watu?”

Jambazi alikuwa dume, na wale wadogo wote walikuwa wake zake. Ni aina moja ya samaki, Lamprologus callipterus. Dume hukusanya makombe, akishindwa kuyaokota huyaiba kwa jirani, na mara nyingine huyaiba na mke akiwamo ndani. Jike huchagua kombe kwenye rundo, huingia, hutaga, naye dume humwaga mbegu zake mlangoni kwa sababu ndani hapiti. Kisha jike hukaa na mayai na watoto kama siku 10 hadi 14. Waliowapima upande wa Zambia, watafiti wa kundi la Michael Taborsky, walikuta dume ana uzito wa wastani mara 12 ya jike. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana ambaye dume humzidi jike kiasi hicho. Na hawakuishia hapo. Wamekuta madume ya namna nyingine, vibeti tangu kuzaliwa hadi kufa, ambao uzito wao haufikii hata sehemu moja ya thelathini ya dume kubwa. Kibeti huyo hujipenyeza kombeni, humpita jike ubavuni, hujibana kwenye ncha ya ndani kabisa, na huko hupata watoto wake wakati mwenye mji amesimama mlangoni akilinda.

Fikiria basi, Mhariri, samaki huyo kibeti akianguka kwenye beseni la bluu. Ni baba wa familia. Mwandishi wenu atamwita nani?

Tangu siku ile ya Idi niliacha kuandika jina nyuma ya picha kabla sijakaa na samaki. Naandika mahali, kina, tarehe, aliyeniletea, na alikuwa na nani ndani ya kombe. Jina naliacha kwa penseli, nalo naliweka mwisho. Nina daftari la mistari lenye samaki zaidi ya mia mbili, na kwenye nusu yake jina bado ni la penseli. Sioni aibu.

Kuwapiga picha ndiko kulikonifundisha kuwatambua, kwa hiyo niseme kidogo namna ninavyofanya, pengine itamsaidia mpiga picha wenu akirudi huku.

Kwanza, samaki hapigwi picha kwenye beseni kwa juu. Kwa juu kila samaki ni mgongo mweusi, kama mtu unayempiga picha ya kitambulisho kutoka dirisha la ghorofani. Fundi vioo wa Mwanga alinitengenezea kisanduku cha kioo cha sentimita ishirini kwa kumi na mbili, chembamba, unene wake sentimita sita. Ndani nina kipande kingine cha kioo ambacho nakisogeza taratibu nyuma ya samaki mpaka akae karibu na upande wa mbele bila kubanwa. Maji ni ya ziwa, nayachota mbali na mwalo, nayaacha yatulie usiku kucha na kuyachuja kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Kanga mpya hutoa rangi. Nililijua hilo kwa gharama ya picha ishirini zenye ukungu wa waridi.

Mwanga hautoki mbele. Flashi ya mbele inarudi kwenye kioo na kukupa picha nzuri ya flashi. Naweka moja juu na moja ubavuni, na mimi mwenyewe navaa shati jeusi, na kamera naivalisha kitambaa cheusi, la sivyo samaki anatoka amevaa sura yangu. Nyuma ya kisanduku naweka karatasi ya kijivu. Pale naachana na bluu ya pasipoti, ingawa ninayo tele, kwa kuwa bluu inadanganya rangi za mapezi.

Halafu unasubiri. Mteja wa pasipoti unamwambia nyoosha shingo, usicheke, tazama hapa. Huyu hasikii. Akiwa na hofu hukunja mapezi yote na kugeuka rangi, wengine hupauka kabisa, wengine hutoa michirizi ambayo kesho huioni. Pezi la mgongoni likikunjwa huwezi kuhesabu miiba yake, na picha isiyohesabika ni pambo tu. Nimewahi kukaa saa mbili na nusu na samaki wa sentimita nne, wateja wawili wakaondoka, mke wangu akaja kuzima taa kwa hasira. Dakika tano baadaye samaki akapiga miayo, akafungua mapezi yote kama mwavuli. Nikabonyeza mara tatu.

Kila samaki nampiga mara mbili kwa siku tofauti: siku anayofika, na tena baada ya wiki akishazoea. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, mgeni ataapa ni samaki wawili. Nina neno moja kwa wanaotambua samaki kwa rangi kwenye simu: rangi ni hali ya moyo. Ukitaka kitambulisho tazama miiba, umbo la mkia, mstari ulio chini ya jicho, michirizi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Hilo la michirizi si dogo. Samaki mdogo kuliko wote wa ukoo mkubwa wa perege na kuhe, duniani kote, ni wa ziwa hilihili: Neolamprologus multifasciatus, wa kusini, ambaye jike wake ni kama sentimita tatu tu. Ana mfanano na ndugu yake, Neolamprologus similis, wa upande wa Kongo, hata jina lake lina maana ya anayefanana. Heinz Büscher ndiye aliyemwandika kama aina ya pekee, mwaka 1992. Ukitaka kuwatofautisha tazama nyuma ya jicho. Wa pili michirizi yake inapanda hadi kichwani; wa kwanza michirizi inaishia mabegani kichwa kikabaki kitupu. Basi. Picha iliyokata kichwa au iliyopigwa kwa juu haina thamani hapo, hata ikiwa imepigwa na kamera ya milioni nne.

Watu huniuliza: samaki wasioliwa unawapigia picha za nini? Mzee mmoja aliyekuja kuchukua picha ya bima alitazama ukuta wangu wote, akasoma, akasema, “Kijana, hawa wote ukiwakaanga hawajazi kijiko.” Mimi nina miaka hamsini na nane na bado ananiita kijana, kwa hiyo nilimpunguzia bei. Lakini swali lake lina jibu.

Wengi wa samaki hawa waliandikwa kwa mara ya kwanza na watu waliowaona wakiwa wamekufa. Huyo Jambazi wangu alipelekwa London na msafara wa Cunnington wa 1904 na 1905, akiwa ndani ya chupa, na Boulenger akamwandika mwaka 1906 akiwa mezani kwake makumbushoni. Dawa ya kuhifadhia inakula rangi. Samaki anayekaa kwenye chupa hiyo hugeuka kahawia kama majani ya chai. Pezi lake hupasuka. Kombe lake hutupwa. Habari za nani aliishi na nani ndani ya kombe gani haziingii kwenye chupa. Picha ya samaki aliye hai, yenye mahali na kina, ndiyo inayoziba pengo hilo, na ni kazi ambayo mtu wa Kigoma anaweza kuifanya bila kupanda ndege.

Lakini waulize vijana wetu jina la samaki aitwaye Lamprologus kungweensis. Jina hilo alilitoa Mbelgiji Max Poll mwaka 1956, na neno lililo katikati yake, Kungwe, kila mtu wa mkoa huu analijua. Ni ule mlima wa Mahale, mita 2,462, unaouona kutoka ziwani kama nyonga ya mtu aliyelala. Samaki huyo hachagui makombe sana. Yeye huchimba shimo kwenye tope. Mfugaji wa Ujerumani mwenye tangi sebuleni anatamka Kungwe, japo kwa shida, na hapa kwetu samaki mwenyewe hana jina. Nimewauliza wavuvi wa mwambao huu miaka kumi na tano. Dagaa ana jina, mgebuka ana jina, sangara ana jina. Hawa wote wa chini wanaitwa “vile vidogo”. Mvuvi simlaumu, maana jina hupewa kinachouzika. Lakini gazeti nalo likikosa jina huazima la jirani, na ndivyo “vile vidogo” walivyogeuka kuwa watoto wa kuhe.

Nisieleweke kwamba natetea uvuvi wa vifaranga. Kokoro linapita chini kama fagio na kubeba makombe, mayai, watoto na wazazi wao, nami nafurahi lilipigwa marufuku. Ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, watu wa mwambao tulikaa miezi mitatu bila mtumbwi kutoka, na studio yangu ilikauka pia, maana asiyeuza dagaa hapigi picha ya harusi. Sikupokea samaki hata mmoja muda wote huo. Niliwapiga picha waliokuwa tayari kwenye tangi, mmoja mmoja, tena na tena. Picha zangu bora ni za miezi hiyo ya njaa.

Na utaratibu wangu na vijana ni huu, wazee wa mwalo wausome. Kombe likinasa kwenye wavu wa kutega chini, wasilipige kwenye ubao wa mtumbwi kulitoa. Walitie kwenye beseni lenye maji ya ziwa, walifunike na kitambaa chenye unyevu, waniambie limetoka wapi na kwa pima ngapi. Nawapa nauli na soda. Ninaobaki nao ni wachache sana, wengine wanarudi ziwani palepale, na kombe lao. Kama kuna kosa katika hilo, ni langu. Niitwe mimi, vijana waachwe.

Ninachoomba, Mhariri, ni vitu viwili. Mtoe sahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule wa picha ya kwanza, mkisema samaki wale walikuwa wakazi wa makombe, wakubwa, wala si kuhe. Sahihisho la mistari miwili chini ya matangazo ya viwanja mama yule hataliona, na wazee wa mwalo ndio kabisa. Pili, siku nyingine mkipiga picha ya samaki, andikeni ilipigwa wapi kabla ya kuandika ni samaki gani. Jina likikosewa, mahali pakiwapo mtu mwingine atalirekebisha. Mahali pakikosekana hakuna wa kurekebisha chochote.

Naambatisha picha tano za kutumia bila malipo. Ya kwanza ni jike wa Jambazi mlangoni mwa kombe lake. Ya pili ni Jambazi mwenyewe, amebeba kombe mdomoni. Ya tatu na ya nne ni samaki mmoja, siku aliyofika na wiki moja baadaye. Ya tano ni mmoja wa wale watatu wa kwenye chupa. Kioo kina alama ya maji upande wa juu, niwieni radhi, niliharakisha kwa sababu alikuwa anataka kutaga. Alitaga usiku wa juzi. Mayai yamo ndani ya kombe ambalo kijana aliliokota pale mchangani, lina ufa wa kisigino, na yeye amelikubali.

Kuna jambo moja zaidi kwa yule anayepanga kurasa zenu. Kwenye picha yenu ya Jumamosi makombe yote yamejipinda kushoto. Konokono wetu hujipinda kulia: ukimshika ncha yake juu na mlango ukikutazama, mlango huwa mkono wako wa kulia. Kumbe mliigeuza picha, labda ili vijana watazame ndani ya ukurasa. Kwa samaki desturi ni kumpiga ubavu wa kushoto, kichwa kikitazama kushoto, ili picha zote duniani ziweze kulinganishwa. Zangu zote tano zinatazama kushoto. Tafadhali msizigeuze.

Wenu,
Mpiga picha wa Mwanga, Kigoma